Kilo Moja Ikitolewa Kwenye Bunduki, Inakwenda Wapi?

Siku hizi ukitazama video za wawindaji wa milimani utaona mambo mawili yasiyokaa pamoja kirahisi. Kwanza anaonekana mtu akipanda genge na bunduki begani, nyepesi kiasi kwamba anaihamisha bega hadi bega kwa mkono mmoja. Dakika chache baadaye mtu huyohuyo amelala kifudifudi, na bati la chuma lililo mita 900 linalia baada ya risasi yake. Watazamaji huuliza hiyo ni bunduki gani. Wanaojibu hutaja nyuzi za kaboni, titani, risasi ya milimita sita na nusu na mtutu wa inchi 22, kana kwamba wanasoma cheti cha dawa. Mwishowe wengi huondoka wakiamini kwamba mwenye fedha anaweza kuundiwa bunduki nyepesi kama mwavuli inayopiga mbali kama mzinga.

Swali ambalo haliulizwi ni hili: ikiwa wepesi na umbali ni ndugu, mbona wanaoshindana kupiga mbali hubeba vyuma vizito? Katika mashindano ya F-Class, ambako watu hulenga hadi yadi 1,000, yaani mita 914, daraja la wazi linaruhusu bunduki ifike kilo 10. Washindani hawaikimbii kilo hiyo ya kumi. Wanaitafuta.

Hakuna uchawi katika jambo hili, bali kuna hesabu ya kugawana. Uzito unaoutoa kwenye bunduki haupotei. Unahamia kwingine, na ni wewe utakayeubeba kwa namna nyingine.

Tuanze na maneno, maana mengi yanatumika ovyo. Tunaposema risasi huwa tunamaanisha kitu kizima kinachoingizwa kwenye chemba, yaani mwanzo wa tundu la mtutu: ganda la shaba nyeupe, baruti ndani yake, kiwashio kwenye kitako cha ganda, na mbele kabisa kichwa cha risasi, kile kinachoruka. Hapa nitatenganisha risasi na kichwa chake, kwa sababu bila hivyo hakuna kitakachoeleweka. Mtutu ni bomba la chuma ambalo kichwa hupita, na ndani yake kuna mifereji iliyojipinda inayokizungusha. Komeo ni kile kipande unachokivuta nyuma na kukisukuma mbele kufunga chemba, nalo linatembea ndani ya chuma cha katikati ambacho mafundi wengi hukiita bodi. Kitako ni sehemu unayoishika na kuiegemeza begani, iwe ya mti, plastiki au nyuzi za kaboni.

Bunduki ya kuwindia ya kawaida, bila darubini, ina uzito wa kilo 3 hadi 3.6 hivi. Ikishuka chini ya kilo 2.7 watu huanza kuiita nyepesi, na ikikaribia 2.3 wanaiita nyepesi mno. Hakuna sheria inayoweka mipaka hiyo. Ni mazoea tu ya wenye kazi. Wala tamaa hii si ya jana. Kampuni ya Winchester ilitoa Model 70 yake ya Featherweight, yaani ya uzito wa unyoya, mwaka 1952, na tangu hapo kila kizazi kimekuwa kikinyoa gramu zake.

Kuundiwa bunduki nako hakumaanishi kwamba fundi anafua chuma kuanzia mwanzo. Kwa kawaida anachukua bodi kutoka kwa mtengenezaji mmoja, mtutu kwa mwingine, kitako kwa wa tatu, kisha anavioanisha kwa vipimo vya mikroni kulingana na mwili na matumizi ya mteja. Inawezekana kwa sababu watengenezaji wengi wa bodi hufuata vipimo vya Remington 700, bunduki iliyotoka mwaka 1962, kiasi kwamba vitako na vifyatulio vya kampuni moja hukaa kwenye bodi ya kampuni nyingine. Ni kama kushonewa suti: kitambaa hakifumwi na fundi, ila suti inakukaa wewe na si jirani yako.

Limebaki neno mbali. Kwa mlenga shabaha wa mashindano, mbali ni mita 900. Kwa mwindaji, mbali huanza pale ambapo hawezi tena kuelekeza msalaba wa darubini juu ya mnyama na kufyatua bila kufanya hesabu. Kwa risasi nyingi za leo mpaka huo uko karibu na mita 300. Tazama sababu. Kichwa cha risasi kinachotoka mtutuni kwa kasi ya mita 850 kwa sekunde hutumia takriban sehemu nne za kumi za sekunde kufika mita 300, na katika muda huo mvuto wa dunia umekishusha karibu sentimita 80 chini ya mstari wa mtutu. Kwa mita 600 kinatumia karibu sekunde nzima, na kinashuka zaidi ya mita nne. Umbali umekua mara mbili, kushuka kumekua zaidi ya mara nne. Ndiyo maana kosa dogo la kukadiria umbali, ambalo kwa mita 150 lisingeonekana, kwa mita 600 linakupitisha chini ya kwato za mnyama.

Kipimo kimoja zaidi kisha tuingie ndani. Usahihi wa bunduki hupimwa kwa pembe, kwa kuwa matundu hutawanyika zaidi kadiri shabaha inavyokwenda mbali. Gawanya digrii moja mara sitini, kila kipande kinaitwa dakika ya pembe. Kwa mita 100 dakika moja ina upana wa sentimita 2.9, kwa mita 500 ni sentimita 14.5. Mtu akisema bunduki yake ni ya dakika moja, anamaanisha matundu yote yanaingia kwenye duara la upana huo. Sehemu ya moyo na mapafu ya kulungu ina upana wa sentimita 20 hadi 25 hivi. Kwenye karatasi, basi, dakika moja inatosha hadi mbali sana. Porini kuna anayeshika bunduki, na hapo ndipo kilo iliyotolewa inapoanza kudai.

Umewahi kuruka kutoka kwenye mtumbwi mdogo kwenda gatini? Mguu unapoondoka, mtumbwi unateleza nyuma, na asiyezoea huishia majini. Ruka vivyo hivyo kutoka kwenye jahazi lililosheheni, jahazi halitikisiki. Nguvu ya mguu ni ileile. Kilichobadilika ni uzito wa kilichosukumwa. Bunduki ndiyo mtumbwi, kichwa cha risasi na gesi ya baruti ndio mrukaji, na lile teke unalolipata begani ndiko kuteleza kwa mtumbwi.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuchukue risasi ya ukubwa wa kati, yenye kichwa cha gramu 9.7 kinachotoka kwa mita 850 kwa sekunde, na baruti ya gramu 3. Bunduki ya kilo 4 itarudi kwa kasi ya mita 3 kwa sekunde, ikibeba nishati ya jouli 18. Ipunguze hadi kilo 3, inarudi kwa mita 4 kwa sekunde na jouli 24. Ifikishe kilo 2.7 na jouli zinakuwa 27. Risasi ni ileile, baruti ni ileile, bega ni lilelile. Sasa weka kwenye bunduki ya kilo 3 risasi kubwa ya daraja la .300 Magnum, na jouli zinapita 45. Hapo mtu akifyatua mara tano asubuhi, mara ya sita mwili utaanza kujikunja kabla ya kidole kumaliza kazi. Si woga, ni maumbile. Ila kichwa cha risasi hakijui tofauti.

Wengi hujifariji kwa kusema: teke linakuja baada ya kichwa kuondoka, basi haliathiri shabaha. Hili ni kosa, na ndilo kosa ninalolisikia mara nyingi kuliko yote. Mtumbwi hauanzi kuteleza baada ya wewe kutua gatini. Unateleza tangu mguu unapoanza kusukuma. Kichwa hukaa mtutuni kwa muda wa milisekunde moja na kitu, na katika muda huo bunduki ya kilo 3 imekwisha kurudi nyuma milimita 2 hivi. Milimita 2 ni kidogo, lakini hairudi kwenye mstari ulionyooka. Bega liko chini ya mstari wa mtutu, hivyo mdomo wa bunduki unaelekea kunyanyuka. Unanyanyukia wapi na kwa kiasi gani, inategemea ulivyoishika, ulipoegemeza, shavu limegandamiza kitako kiasi gani. Bunduki nzito husamehe tofauti hizo. Nyepesi haisamehi. Leo umeegemea begi laini, kesho umeegemea jiwe, na tundu limehama.

Wawindaji waliozoea bunduki nyepesi huwa na tabia inayowachekesha wageni: wanaishika kwa namna ileile kila mara, kama imamu anavyopanga safu. Sababu ni hiyo.

Kuna jambo la pili ambalo uzito hulifanya bila kusifiwa, nalo ni kutulia. Shika mchi wa kinu kwa mikono miwili, unyooshe mbele, utaona unayumba polepole kama unatafakari. Shika ufito wa urefu uleule, ncha yake inatetemeka kwa kila pigo la moyo. Msalaba wa darubini kwenye bunduki nyepesi ni ufito huo. Na anayefyatua si moyo wake tu unaomsumbua, kuna kidole pia. Kifyatulio kinachohitaji nguvu ya kilo 2 ili kiachie, kikiwa kwenye bunduki ya kilo 2.5, kinadai nguvu inayokaribia uzito wa bunduki nzima. Ukikivuta vibaya unaipeleka bunduki pembeni kabla haijalia. Ndiyo maana mafundi hutumia muda mwingi kwenye kifyatulio cha bunduki nyepesi, wakikitaka kiachie kwa kilo moja hivi, kwa ghafla, bila kukokota, lakini kisijiachie chenyewe bunduki ikianguka. Kwa maoni yangu kifyatulio kizuri ndicho kitu pekee kwenye orodha nzima kinachoongeza usahihi bila kuongeza uzito.

Sasa tufike kwenye mtutu, penye maneno mengi zaidi.

Mtutu ndio chuma kizito kuliko vyote kwenye bunduki, kwa hiyo kila anayetaka wepesi huutupia jicho kwanza. Ukiuangalia kama nguzo iliyokomewa upande mmoja, ugumu wake wa kutopinda hukua kwa unene kuzidishwa mara nne kwa nafsi yake. Chukua mtutu wa unene wa milimita 20 na mwingine wa milimita 15, wote wenye tundu la milimita 7.6. Wa pili una nusu ya uzito wa kwanza, lakini ugumu wake umeshuka chini ya theluthi. Umeokoa nusu ukalipa zaidi ya nusu. Hiyo ni biashara ya hasara ukiifanya kwa unene. Kwa urefu ni tofauti kabisa. Mtutu mfupi hupungua uzito na papo hapo unazidi kuwa mgumu.

Hapo hapo linazuka dai jingine: mtutu mrefu ndio unaopiga mbali na kwa usahihi. Mtutu mrefu huipa gesi muda zaidi wa kusukuma, basi huongeza kasi, lakini si sana. Kila inchi moja inayokatwa, yaani sentimita 2.5, hupunguza kasi kwa mita 6 hadi 9 kwa sekunde kwa risasi nyingi za kuwindia. Kukata inchi mbili kunakugharimu mita 15 hivi kati ya 850. Usahihi hauguswi na urefu. Enzi za kulenga kwa jicho tupu, mtutu mrefu ulitenganisha alama ya nyuma na ya mbele, na hilo lilisaidia kweli. Darubini ilipokuja faida hiyo ikafa, ila msemo ukabaki.

Na mtutu mwembamba je, unakosa shabaha? Jibu fupi ni hapana, kwa risasi tatu za kwanza. Mtutu mwembamba uliotobolewa vizuri unaweza kupiga sawa na mnene ukiwa baridi. Tatizo ni joto. Chuma kidogo hupata moto haraka, na chuma chenye mkazo uliobaki ndani yake tangu kilipotengenezwa hujipinda kidogo kinapopata moto. Tundu la nne linaanza kuhama, la sita limehama wazi. Mshindani anayepiga risasi ishirini mfululizo hawezi kuvumilia hilo. Mwindaji anayefyatua mara moja, pengine mbili, kwa siku nzima, hatalijua kamwe, isipokuwa alipokwenda kuipima bunduki alikuwa na haraka akaifyatua mara kumi bila kuiacha ipoe, kisha akairekebisha darubini kwa matundu ya chuma cha moto. Amepima bunduki ambayo hataibeba porini.

Utasikia pia habari za mitutu yenye mifuo nje, ile michirizi mirefu inayochongwa ubavuni. Wauzaji husema mifuo huongeza ugumu. Kuchonga chuma hakuwezi kukifanya kigumu kuliko kilivyokuwa. Lililo kweli ni kwamba mtutu mnene uliochongwa mifuo huwa mgumu kuliko mtutu laini wa uzito uleule, kwa kuwa chuma kilichobaki kiko mbali na katikati, kunakofaa. Sentensi mbili zinazofanana, ila moja ni uongo.

Mtutu wa nyuzi za kaboni nao si wa kaboni. Ndani yake kuna bomba jembamba la chuma lenye mifereji, na nje limevikwa nyuzi zilizogandishwa kwa gundi ngumu. Chuma kina uzito wa gramu 7.85 kwa kila sentimita ya ujazo, nyuzi zilizogandishwa ni kama 1.6. Ndipo unapata mtutu mnene wenye ugumu mzuri kwa uzito wa mwembamba. Ni kazi nzuri ya uhandisi, na bei yake inajua hivyo. Tahadhari moja tu: ukigusa nje ukakuta pamepoa, usidhani ndani pamepoa. Gundi hupitisha joto polepole, na kinachoteseka ni lile bomba la chuma lililofunikwa blanketi.

Titani pia imezungukwa na hadithi. Ina uzito wa gramu 4.5 kwa sentimita ya ujazo, karibu asilimia 57 ya chuma, na hutumika kwenye bodi ya bunduki ghali. Mitutu karibu yote hubaki ya chuma, kwa sababu kilicho ndani yake si mchezo. Shinikizo kwenye chemba ya risasi ya .308 linaruhusiwa kufika baa 4,150. Tairi la gari dogo lina baa mbili na kitu. Hii ndiyo sababu ya kuunganisha mtutu na bodi kuwa kazi ya fundi mwenye leseni na vipimo vyake, na bunduki kupelekwa kwenye kituo cha majaribio katika nchi zilizo chini ya mkataba wa C.I.P., ule wa kimataifa wa kupima usalama wa bunduki, uliotokana na tume iliyoundwa Brussels mwaka 1914. Hapo bunduki hufyatuliwa kwa risasi maalumu zenye shinikizo kubwa kuliko la kawaida kabla ya kugongwa muhuri. Anayepunguza gramu kwa tupa gereji anacheza na uso wake mwenyewe.

Basi gramu zitolewe wapi? Mimi ningeanza na kitako. Cha mti wa jozi kina uzito wa kilo moja na zaidi; cha nyuzi za kaboni hushuka hadi gramu 700 au chini ya hapo, tena hakivimbi kikilowa wala hakisukumi mtutu upande majira yakibadilika. Baada ya hapo ningetazama juu. Watu hulipa fedha nyingi kuondoa gramu 300 kwenye bodi, kisha wanafunga darubini ya gramu 900 yenye vioo vya kuonea mwezi, wakati ya gramu 450 ingewatosha kwa umbali wanaoufikia kweli. Halafu ningekata mtutu kidogo. Unene wa mtutu ningeugusa mwisho kabisa, na ningeukaribia kwa hofu. Bunduki iliyobeba uzito wake mbele kidogo hutulia vizuri mkononi kuliko ile iliyonyolewa mtutu ikabaki nzito nyuma.

Suala la ukubwa wa risasi linastahili kukaliwa kidogo, maana wengi wanaamini mbali kunahitaji risasi kubwa. Kinachokipeleka kichwa mbali ni mambo mawili: kasi ya kuanzia, na uwezo wa kupasua hewa bila kupoteza kasi hiyo. La pili lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Kichwa kirefu na chembamba, chenye ncha kali na kitako kilichochongoka, hupita hewani kama samaki. Kifupi na kinene hupita kama ng'ombe mtoni. Lakini kichwa kirefu hakikai sawa mpaka kizungushwe kwa kasi. Mwingereza George Greenhill alitoa kanuni ya hilo mwaka 1879: kadiri kichwa kinavyokuwa kirefu kwa unene wake, ndivyo mifereji inavyopaswa kujipinda kwa ukali zaidi. Mtutu unaozungusha mara moja kila sentimita 25.4 hukipa kichwa cha mita 850 kwa sekunde mizunguko 3,300 kila sekunde, au karibu 200,000 kwa dakika. Injini ya gari ikilia kwa 6,000 unatafuta pa kuegesha.

Risasi ya 6.5 Creedmoor, iliyotolewa na kampuni ya Hornady mwaka 2007, haikupata sifa kwa nguvu. Ilipata sifa kwa sababu iliundwa kubeba vichwa virefu kwenye mitutu yenye mpindo mkali, kwa teke dogo. Kwenye bunduki yetu ya kilo 3 inatoa jouli 19 hivi, chini ya zile 24 za mfano wa kwanza na mbali sana na 45 za Magnum. Kwa anayetaka bunduki nyepesi, kupunguza ukubwa wa risasi ni busara kuliko kuongeza dawa za teke.

Upepo nao una hadithi yake. Wengi hudhani hukisukuma kichwa kwa muda wote kikiwa angani, kwa hiyo chenye kasi kubwa ndicho kinachosukumwa kidogo. Ukweli una kona. Kinachohesabika ni ucheleweshaji, yaani tofauti kati ya muda ambao kichwa kimetumia kweli na muda ambao kingetumia kama kisingekuwa kinapunguzwa kasi na hewa. Kichwa kinachohifadhi kasi yake hakicheleweshwi, basi upepo unakipata kidogo. Ushahidi mzuri uko kwenye risasi ndogo za .22: zile za kasi kubwa, zinazoanza juu ya kasi ya sauti, huyumbishwa na upepo kuliko za mashindano zinazoanza chini yake, kwa sababu hupoteza kasi kwa fujo. Kwa risasi yetu ya mfano, upepo wa ubavuni wa mita 4 hadi 5 kwa sekunde, ule unaotikisa majani na vitawi vidogo, hukihamisha kichwa sentimita ishirini na kitu kwa mita 300, na karibu mita moja kwa mita 600. Hakuna nyuzi za kaboni zinazosaidia hapo.

Kuhusu kile kifaa kinachofungwa mdomoni mwa mtutu kupunguza teke: kinafanya kazi. Kina matundu yanayoirudisha gesi pembeni na nyuma, na teke linaweza kupungua kwa theluthi au nusu. Gharama yake ni masikio. Mlio wa bunduki ya kuwindia hupita desibeli 150, na 140 tayari huweza kuumiza sikio mara moja na milele. Kifaa hiki huielekeza sehemu ya mlio kwa mpigaji na kwa aliyelala ubavuni mwake. Mwindaji akiwa amevua vizibo vya masikio ili amsikie mnyama, risasi moja inatosha kumwachia mlio wa nzi sikioni maisha yote. Kizuia sauti, pale sheria inaporuhusu, hupunguza teke na mlio kwa pamoja, desibeli 20 hadi 35, lakini hakifanyi bunduki iwe kimya kama sinema zinavyodanganya. Kichwa kinachokwenda zaidi ya mara mbili ya kasi ya sauti hubeba mlio wake mwenyewe, na hakuna bomba linalouzuia.

Limebaki jambo ambalo hata bunduki bora haina usemi juu yake. Bati la chuma halitembei. Mnyama aliye mita 600 ana sekunde nzima ya kupiga hatua baada ya kidole kumaliza, na hatua moja inahamisha mapafu yakaja matumbo. Tena vichwa vingi vya kuwindia hutengenezwa vipanuke vikigonga kwa kasi isiyopungua mita 550 hivi kwa sekunde. Risasi ya mfano wetu imeshapita chini ya hapo ikifika mita 600. Ingetoboa tundu dogo, ikapita, na mnyama akaenda kufia asikoonekana. Aliyepiga bati mita 900 hajadanganya. Amethibitisha jambo jingine.

Mwenye bunduki nyepesi anayetaka kujua mbali yake ni wapi asitegemee kundi la matundu matatu aliyopiga siku ya kwanza. Matatu hukaa karibu kwa bahati, na mafundi wengine huyatumia kuuza. Aibandike karatasi moja kwa mita 100, apige risasi moja tu ya mtutu baridi, ameketi au ameegemea begi kama atakavyokuwa porini, aibandue karatasi na kuiweka. Siku nyingine airudishe karatasi ileile, apige moja tena. Ikifika siku ya kumi, achore duara linaloyakumba matundu yote kumi. Likiwa na upana wa sentimita 3, fundi wake na yeye wote wanastahili pongezi. Likiwa la 5, kwa mita 400 limekuwa la 20, ambalo ni pafu zima la kulungu, na upepo bado haujavuma.